UZI: Ununuzi wa ardhi ya hifadhi na bustani za umma: kagua haki za wengine kabla ya kuulizana bei

Bikoni (mleta uzi)

Wakuu, salaam.

Maswali yanayoletwa humu kuhusu halmashauri, mamlaka za hifadhi na taasisi zinazotaka kununua ardhi iwe msitu wa umma, ufuo wa wazi au bustani ya mapumziko, karibu yote yanaanzia kwenye bei. Bei ina uzito wake, lakini ununuzi wa namna hii haukwami hapo mara nyingi. Unakwama kwenye haki za watu wengine ambazo tayari zimo ndani ya ardhi: mwenye leseni ya kuchimba chini yake, anayepita juu yake, anayelisha mifugo humo kila kiangazi, benki inayoidai, jirani aliyesogeza uzio miaka 20 iliyopita, ukoo ambao haujagawana mirathi. Ukinunua bila kuzijua, umenunua pamoja na kesi zake.

Chukueni Big Cypress, Florida, iliyotangazwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 1974. Serikali kuu ya Marekani ilipata uso wa ardhi, lakini haki za mafuta na gesi zilizoko chini zikabaki kwa sehemu kubwa mikononi mwa watu binafsi. Hadi karne hii mafuta yanachimbwa ndani ya mipaka ya hifadhi, na msimamizi hawezi kukataa moja kwa moja. Kazi yake ni kuweka masharti tu. Hilo lilijulikana siku ya kutiwa saini, na huo ndio uamuzi uliofanyika. Tatizo ni pale mnunuzi anapofanya uamuzi huohuo bila kujua kwamba ameufanya.

Mpangilio ninaoutetea ni huu: upekuzi wa hati, kisha ukaguzi wa uwandani na wa sumu, kisha upimaji wa mipaka, kisha uthamini, kisha ofa. Wengi wanaanza na uthamini kwa sababu ndio unaoombwa na kamati ya fedha. Matokeo yake mthamini anathamini hekta 300 ambazo baadaye mpimaji anakuta ni 262, zenye barabara isiyo na haki ya kupita. Uthamini unarudiwa, muda umekwisha, muuzaji amechoka.

Karibuni tuchambue hatua kwa hatua. Wenye uzoefu wa hati, uthamini na uendeshaji wa maeneo haya waweke mambo yao.

HatiSafi

Mkuu Bikoni, umeanza pazuri. Niongeze kwenye upekuzi.

Watu wakipata nakala ya hati miliki yenye jina la muuzaji wanaona kazi imekwisha. Nakala hiyo inakwambia nani ameandikwa leo. Haikwambii ameipataje. Rudi nyuma mnyororo mzima wa umiliki, mauziano kwa mauziano, mirathi kwa mirathi. Wapekuzi wengi hurudi miaka 40 hadi 60. Kila pete ya mnyororo ijibu maswali matatu: aliyeuza alikuwa na mamlaka ya kuuza? Wote waliopaswa kutia saini walitia, wakiwemo mwenza wa ndoa na warithi? Alibakiza nini?

Hilo la mwisho ndilo linalopitwa. Mauziano ya zamani mara nyingi yana sentensi moja ndogo: muuzaji anabakiza madini, au mbao zilizosimama, au maji ya chemchemi fulani, au njia ya kwenda makaburini. Sentensi hiyo ikiandikwa mara moja haihitaji kurudiwa kwenye hati zinazofuata ili iwe hai. Kwa hiyo ukisoma hati ya mwisho peke yake hutaiona.

Pia kuna haki zisizo kwenye daftari lolote. Njia iliyotumika na kijiji kwa miongo, kisima cha wote, mahali pa matambiko, malisho ya msimu. Katika nchi nyingi haki hizi zina nguvu ya kisheria hata bila maandishi, na mtu aliyekaa kwenye kipande kwa muda uliowekwa na sheria anaweza kudai umiliki. Kwa hiyo upekuzi wa makaratasi lazima uende pamoja na kutembea ardhi yote, msimu wa mvua na wa kiangazi kama inawezekana, na kuzungumza na majirani wa kila upande. Nyayo za mifugo zinazoingia na kutoka, majivu mapya, mizinga ya nyuki, shamba dogo kando ya mto: kila kimoja ni dalili ya mtu mwenye dai.

Na usikubali maneno ya muuzaji kwamba "hao ni wapangaji, watatoka." Mkataba useme ardhi inakabidhiwa ikiwa wazi, au useme kwa majina ni nani wanabaki, kwa haki gani na hadi lini.

Mipangomiji_77

Kabla hatujafika mbali, tuseme neno kuhusu kuchagua kipande chenyewe. Maeneo mengi ya umma yanapatikana kwa sababu yalikuwa yanauzwa wiki hiyo, wala si kwa sababu yalihitajika.

Umbo la kipande linabeba gharama ambazo hazionekani kwenye bei. Tuchukue hekta 100. Kama ni mraba wa kilomita 1 kwa 1, mzingo wake ni kilomita 4. Kama ni ukanda wa mita 200 kwa kilomita 5, mzingo ni kilomita 10.4. Uzio, njia ya kuzuia moto, vibao vya mpaka na doria vyote vinalipiwa kwa kilomita, kwa hiyo ukanda unakugharimu zaidi ya mara mbili na nusu kila mwaka.

Kwa uhifadhi ni zaidi ya hapo. Ukingo wa msitu unapigwa na upepo, jua, moto na magugu vamizi. Tuseme athari hiyo inaingia mita 100. Mraba unabakiwa na kiini cha hekta 64. Ukanda haubakiwi na kitu, kwa sababu mita 100 kutoka kila upande zinakutana katikati. Athari ikiingia mita 50 tu, mraba una hekta 81 na ukanda 49.

Hii haimaanishi kanda nyembamba hazifai. Ukanda wa kando ya mto au ushoroba unaounganisha misitu miwili unaweza kuwa wa thamani kuliko mraba uliojitenga, na kwa njia ya watembea kwa miguu ndio umbo lenyewe. Ila ununuliwe kwa kazi hiyo, na bajeti ya kuutunza iandikwe kwa kilomita.

Kwa bustani za mijini kipimo kikuu ni umbali wa kutembea. Mwongozo wa muda mrefu wa Uingereza ulitaka kila mkazi awe na eneo la asili la angalau hekta 2 ndani ya mita 300 kutoka nyumbani, la hekta 20 ndani ya kilomita 2, na la hekta 100 ndani ya kilomita 5. Chora duara hizo kwenye ramani ya makazi, uone zisipofika. Hapo ndipo pa kutafuta ardhi, hata kama hekta moja ya pale ni ghali mara 10 kuliko ya pembezoni. Bustani kubwa isiyofikika kwa miguu haimsaidii mtoto wala mzee.

MtunzaMito

Naheshimu hoja zenu wakuu, lakini mnapendekeza ukaguzi wa mwaka mzima wakati ardhi inakimbia. Point Reyes, California: Bunge la Marekani liliidhinisha hifadhi ya ufuo mwaka 1962 na kutenga dola milioni 14 za kununua ardhi. Hazikutosha. Baada ya hifadhi kutangazwa bei za eneo zima zikapanda, vipande vikaanza kukatwa viwanja, na mwaka 1970 ikabidi kiwango kipandishwe hadi zaidi ya dola milioni 57. Ukichelewa unalipa mara nne.

Bikoni

MtunzaMito, mfano wako ni wa kweli, ila sababu ni tofauti na unavyoiweka. Mpaka ulitangazwa hadharani kabla ya fedha za kuununua kuwepo, na kila mwenye ardhi na kila dalali akajua mnunuzi ni nani, anataka nini na hana fedha za kutosha. Ukaguzi hauna kosa hapo.

Dawa ya bei inayokimbia ni kuikamata mapema kwa karatasi. Mnaingia mkataba wa haki ya kununua. Mwenye ardhi anapokea malipo madogo, naye anajifunga kwa muda, tuseme miezi 12, kutomuuzia mtu mwingine, kwa bei iliyoandikwa au kwa bei itakayotokana na uthamini kwa utaratibu ulioandikwa. Ndani ya muda huo unafanya upekuzi, upimaji na ukaguzi wa sumu. Ukikuta balaa, unaondoka na umepoteza malipo madogo tu.

Mkataba huo uwe na mambo haya, la sivyo hauna maana: ruhusa ya kuingia na kuchimba sampuli, haki ya kuongeza muda kwa malipo yaliyotajwa, haki ya kuuhamishia kwa taasisi nyingine, marufuku ya kukata miti, kuchimba mchanga au kuingiza wapangaji wapya wakati wa kusubiri, na usajiliwe kwenye daftari la ardhi. Usiposajiliwa, mnunuzi wa tatu asiyejua anaweza kukupita.

Haki ya kuhamisha ni muhimu sana kwa taasisi za umma, maana bajeti zao huenda kwa mwaka wa fedha na muuzaji hasubiri kikao. Ndiyo sababu amana za ardhi, yaani taasisi zisizo za serikali zinazonunua ardhi ili ihifadhiwe, hununua kwanza kwa fedha zao, kisha huiuzia serikali bajeti ikipita. Grand Teton, hifadhi ya taifa ya Wyoming, Marekani, ni mfano mkubwa: kampuni iliyofadhiliwa na tajiri John D. Rockefeller Mdogo ilinunua takriban ekari 35,000 katika bonde la Jackson Hole, na sehemu kubwa ya hizo ikakabidhiwa serikali mwaka 1949.

Lakini angalieni upande wa pili. Mnunuzi halisi alifichwa, na ilipojulikana mwaka 1930 wenyeji wakakasirika kiasi kwamba Baraza la Seneti lilifanya uchunguzi mwaka 1933. Hakuna udanganyifu uliothibitika, ila ugomvi ulichukua miaka mingi. Kunyamaza kuhusu bei unayoweza kufikia ni haki ya mnunuzi. Kuficha kwamba ardhi inakwenda kuwa ya umma ni jambo jingine, na taasisi itakayoishi na majirani hao milele isilifanye.

Mthamini_Huru

Nimefika. Mambo manne yanayoharibu uthamini wa ardhi za namna hii.

Kwanza, thamani ya soko haipimwi kwa uzuri wa ndege wala uchache wa mimea. Inapimwa kwa matumizi yenye faida kubwa kuliko yote yanayoruhusiwa kisheria, yanayowezekana kimaumbile na yanayolipa. Ardhioevu isiyoweza kujengwa ina bei ndogo hata kama ndiyo inayokinga mji mzima na mafuriko. Ufuo wenye kibali cha hoteli una bei kubwa hata kama ni kokoto tupu. Wahifadhi wanaoshinikiza mthamini aongeze "thamani ya ikolojia" wanaifanya ripoti ikataliwe na mkaguzi wa hesabu.

Pili, kinyume chake pia kipo. Usikubali thamani inayodhani mabadiliko ya matumizi ambayo hayajaombwa wala hayana uwezekano. "Ingeweza kuwa viwanja 400" haitoshi. Maji yatatoka wapi, barabara itapita wapi, nani atanunua viwanja vyote hivyo na kwa miaka mingapi? Na kupanda kwa bei kulikosababishwa na mradi wenyewe wa umma kusihesabiwe.

Tatu, pale sehemu tu ya shamba inaponunuliwa, usizidishe hekta kwa bei ya hekta. Thamini shamba zima kabla, kisha thamini kitakachobaki, tofauti ndiyo malipo. Shamba la thamani ya 100 likikatwa asilimia 10 ya eneo lake, lakini kipande hicho ndicho chenye barabara na maji, kilichobaki kinaweza kuwa na thamani ya 60. Haki ya muuzaji ni 40, si 10. Mara nyingine ni nafuu kununua shamba zima kuliko kulipa hasara ya lililobaki.

Nne, tarehe. Ripoti iseme thamani ni ya siku gani, na isipitwe na wakati kabla ya ofa. Isomwe pia na mthamini wa pili asiyehusika, kwa sababu ripoti moja yenye mauziano ya kulinganisha yaliyochaguliwa vibaya inaweza kupeleka bei popote.

Kwa taratibu nzuri tazameni sheria ya Marekani ya mwaka 1970 kuhusu ununuzi wa ardhi na msaada kwa wanaohamishwa. Mwenye ardhi hualikwa kuandamana na mthamini anapokagua, ofa haiwezi kuwa chini ya uthamini uliopitishwa na taasisi, na mkaaji hapewi notisi ya kuhama chini ya siku 90. Hizo ni kanuni za haki, na pia zinapunguza kesi.

Josho_la_Zamani

Kwenye sumu nataka niseme kwa urefu kidogo, kwa sababu wanaonunua "ardhi ya asili" huamini kwamba shamba lisilo na kiwanda ni safi. Si kweli hata kidogo.

Majosho ya ng'ombe ya zamani yalitumia arseniki. Arseniki haiozi. Josho lililofukiwa miaka 70 iliyopita bado lina udongo wenye sumu kuzunguka shimo, kwenye uwanja wa kukaushia mifugo na chini ya mkondo wa maji yaliyomwagwa. Bustani za matunda za nusu ya kwanza ya karne ya 20 zilipuliziwa dawa yenye risasi na arseniki. Viwanja vya kulengea shabaha vina risasi ardhini. Gereji ya shamba mara nyingi ina tangi la dizeli la chini ya ardhi, na mashamba mengi makubwa yana korongo la kutupia makopo ya dawa.

Ukaguzi unakwenda kwa awamu mbili. Awamu ya kwanza haina kuchimba: picha za angani za miongo tofauti, ramani za zamani, leseni, mahojiano na wafanyakazi wa zamani wa shamba, na kutembea eneo lote. Wazee waliofanya kazi hapo ndio watakaokuonyesha josho lilipokuwa, maana muuzaji wa sasa huenda hakuwahi kuliona. Awamu ya pili inafanyika tu pale ya kwanza ilipoonyesha shaka: sampuli za udongo kwa kina tofauti na za maji ya chini, zipelekwe maabara.

Ukaguzi huu nao unachakaa. Kwa taratibu za Marekani ripoti inatakiwa iwe ya ndani ya mwaka mmoja kabla ya kuchukua umiliki, na vipengele vyake muhimu viwe vimesasishwa ndani ya siku 180. Kule mwenye ardhi mpya anaweza kubebeshwa gharama za kusafisha uchafu wa mtu mwingine, na kinga yake ni kuonyesha kwamba aliuliza ipasavyo kabla ya kununua.

Ukikuta sumu una njia tatu: muuzaji asafishe kabla, au kipande hicho kikatwe na kuachwa nje ya mauziano, au bei ishuke kwa gharama ya kusafisha. Njia ya tatu ni hatari kwa bustani ya umma. Gharama za kusafisha huongezeka uchimbaji ukianza, na watoto wanachezea udongo.

Ukanda_wa_Kijani

Vipi kuhusu utwaaji wa lazima, yaani serikali kuchukua ardhi kwa nguvu ya sheria hata mwenyewe asipotaka kuuza? Kuna hoja kwamba mamlaka ikiwa na nguvu ya kutwaa, mazungumzo yote yanakuwa mepesi.

HatiSafi

Yanakuwa mepesi kwa mamlaka, na mazito kwa historia. Shenandoah, Virginia: jimbo lilipitisha sheria ya utwaaji wa jumla mwaka 1928 ili lipate ardhi ya hifadhi ya taifa iliyoanzishwa 1935. Familia mamia kadhaa zilihamishwa milimani, na waliokuwa wapangaji au wakaaji wasio na hati wengi wao hawakupata fidia ya ardhi. Uchungu huo haujaisha kwa vizazi.

Mpango uliofuata baadaye una busara zaidi. Sheria ya hifadhi ya ufuo wa Cape Cod, Massachusetts, ya mwaka 1961 ilisimamisha nguvu ya kutwaa nyumba zilizokuwa zimeendelezwa, mradi mji husika uwe na kanuni za matumizi ya ardhi zinazokubaliana na lengo la hifadhi. Aliyeuza nyumba yake angeweza kubakiza haki ya kuishi humo hadi kufa, au kwa muda usiozidi miaka 25, na bei ikapunguzwa kwa thamani ya haki hiyo. Mamlaka inapata ardhi, mzee hafukuzwi.

Kama kuna watu watakaohama, hata kwa hiari, fanyeni sensa ya wakaaji na mali zao mapema na mtangaze tarehe ya ukomo, ili wanaoingia baada ya hapo kwa ajili ya fidia wasihesabiwe. Viwango vya kimataifa vya taasisi za fedha vinataka fidia iwe kwa gharama ya kupata kingine kinacholingana, bila kukata uchakavu, na wasio na hati nao walipwe nyumba na mazao yao na wasaidiwe kuhama. Kutokuwa na hati si kutokuwa na haki.

Ukanda_wa_Kijani

Nashukuru mkuu. Na kama fedha hazitoshi kununua kabisa?

Bikoni

Kuna njia mbili kubwa, na kila moja ina mtego wake.

Ya kwanza ni kukodi. Kusini mwa Hifadhi ya Taifa ya Nairobi, ambayo ina ukubwa wa kilomita za mraba 117 na mpaka wake wa kusini uliachwa wazi kwa wanyama, ulianzishwa mpango wa kuwalipa wenye ardhi wa Kitengela dola 4 kwa ekari kwa mwaka ili wasizungushie uzio, wasilime na wasiuze. Mtego: malipo yakikatika ulinzi unakatika siku hiyohiyo, na bei ya kiwanja karibu na mji hukua haraka kuliko kodi yoyote. Kukodi kunanunua muda, basi muda huo utumike.

Ya pili ni kununua haki ya kuendeleza peke yake. Mwenye ardhi anabaki na shamba lake, analima na kuishi, ila mkataba wa kudumu uliosajiliwa unamzuia yeye na kila atakayemfuata kukata viwanja au kujenga nje ya eneo lililoainishwa. Mitego ni mitatu. Kama kuna rehani ya benki iliyotangulia na benki haijasaini kukubali mkataba huu uwe juu ya rehani, siku shamba likinadiwa mkataba unafutika. Pili, mkataba hauwapi wananchi ruhusa ya kuingia mpaka ruhusa hiyo iandikwe, na watu wengi hushangaa kukuta geti limefungwa. Tatu, unahitaji kukaguliwa kila mwaka milele, na ripoti ya hali ya mwanzo yenye picha kutoka sehemu zilizopimwa kwa GPS, iliyosainiwa na pande zote, la sivyo huna cha kulinganishia siku utakapodai ukiukwaji.

Mipangomiji_77

Kuhusu vyanzo vya fedha nataja vichache vinavyofundisha. Mfuko wa ardhi na maji wa Marekani ulianzishwa kwa sheria ya mwaka 1964 na hulishwa hasa na mapato ya mafuta na gesi ya baharini. Kiwango chake cha juu ni dola milioni 900 kwa mwaka, lakini kwa miongo Bunge lilikuwa likitoa pungufu, hadi sheria ya mwaka 2020 ilipolazimisha zote zitoke. Boulder, Colorado, wapiga kura walikubali mwaka 1967 kujitoza asilimia 0.4 ya mauzo kununua ardhi za wazi kuzunguka mji. Kodi ndogo yenye jina lake ina faida moja kubwa: unaweza kukopa leo kwa kuitegemea na kununua kabla bei haijapanda.

Fedha huja na kamba, yaani masharti, na kamba nyingine ni nzuri. Eneo lililonunuliwa au kuendelezwa kwa ruzuku ya mfuko ule wa 1964 haliwezi kugeuzwa kuwa matumizi yasiyo ya mapumziko ya nje bila idhini, na bila kuweka mahali pake ardhi ya thamani sawa na manufaa sawa. Serikali za mitaa hulalamika, lakini kamba hiyo imeokoa bustani nyingi zisigeuzwe maegesho. Ufaransa walikwenda mbali zaidi kwenye pwani: chombo chao cha ufuo kilichoanzishwa 1975 kinanunua, kina haki ya kununua kwanza katika maeneo yaliyoainishwa, na kilichokwisha kuingizwa kwenye milki ya kudumu hakiuzwi kwa taratibu za kawaida. Usimamizi wa kila siku wanapewa serikali za mitaa. Mwenye hati ni mmoja, mtunzaji ni mwingine, na mtunzaji hawezi kuuza.

NjiaYaMiguu

Wakuu, mada inasema uhifadhi na mapumziko, na mapumziko mmeyapita haraka. Kosa kubwa hutokea kwenye maneno ya hati. Mfadhili anataka ardhi "ibaki katika hali ya asili milele, bila jengo lolote." Inasikika vizuri. Miaka miwili baadaye hakuna choo, hakuna daraja la miguu, hakuna maegesho, na wageni wanajisaidia kwenye chanzo cha maji. Hati iseme wazi: asilimia au hekta kadhaa, zilizochorwa kwenye ramani, zinaruhusiwa vyoo, maegesho, vibanda vya kivuli, madaraja na nyumba ya mlinzi. Kwingine pafungwe kwa ukali unaotakiwa.

Angalieni pia haki ya njia ya kuingilia. Ruhusa ya mwenye ardhi kupita kwenda shambani kwake si ruhusa ya umma kupita. Njia iliyotolewa kwa familia moja haiwi barabara ya magari 200 ya Jumapili, na jirani akienda mahakamani anaweza kushinda. Pateni haki ya njia kwa matumizi ya umma, yenye upana unaotosha gari la zimamoto, kabla ya kulipa.

Na mnapochagua kipande, angalieni kama kina angalau njia moja inayoweza kupitika kwa kiti cha magurudumu. Miongozo ya Marekani ya njia za nje inataka upana wa karibu sentimita 91 na mwinuko usiozidi asilimia 5 kwa sehemu ndefu. Mwinuko mkali zaidi unakubalika kwa vipande vifupi tu. Kama ardhi yote ni mteremko wa asilimia 30, kuipata njia hiyo ni kazi ya mashine na fedha nyingi. Kipande tambarare cha hekta 3 kando ya barabara kinaweza kuwa ndicho kinachofungulia watu hekta 300 za mlimani.

MtunzaMito

Nakubaliana na hilo kabisa. Swali langu la mwisho: siku fedha zimelipwa na hati imetoka, mwaka wa kwanza ufanyike nini? Nauliza kwa sababu maeneo mengi huharibika hapohapo.

Bikoni

Wiki ya kwanza: majengo mabovu na visima vilivyo wazi vizungushiwe na kufunikwa, kwa sababu kuanzia siku ya hati atakayeanguka humo ni jukumu la umma. Bima ianze siku hiyohiyo. Mageti yabadilishwe kufuli, funguo zigawiwe kwa wenye haki ya njia, kwa saini.

Miezi mitatu ya kwanza: mpaka wote uwekewe alama zinazoonekana moja kutoka nyingine, na majirani waonyeshwe wakiwepo. Uzio wa jirani ulioingia ndani ushughulikiwe sasa, kwa barua na mpimaji. Ukiuacha unakua kuwa dai. Kama mpaka ni mto, andikeni mto ulipo leo, maana mto ukihama polepole mpaka unaweza kuhama nao, na ukikata njia mpya kwa ghafla katika mafuriko, sheria nyingi huuacha mpaka pale pa zamani.

Ndani ya mwaka: orodha ya mimea, wanyama, maji na magugu vamizi, ramani ya njia za moto, na mpango wa muda unaosema watu wanaruhusiwa wapi tangu sasa. Fungueni hata njia moja fupi. Ardhi ya umma iliyofungwa miaka mitano ikisubiri mpango kamili hupoteza watetezi wake na kupata wavamizi.

Fedha za haya yote ziingie kwenye ombi la ununuzi lenyewe, pamoja na ada za usajili, upimaji na ubomoaji. Kamati ikikataa kulipia uzio na mlinzi wa mwaka wa kwanza, punguzeni hekta mnazonunua mpaka vipatikane.

HatiSafi

Nyongeza moja kwa wanaopewa ardhi bure. Someni kama kuna sharti la ardhi kurudi kwa mtoaji au warithi wake matumizi yakibadilika. Likiwepo, msijenge kitu cha gharama mpaka mwanasheria ameandika ni tendo gani hasa linalolifungua, yaani linalofanya ardhi irudi: je, kukodisha mgahawa ndani ya bustani kunalifungua? Je, kupitisha bomba la maji? Mtoaji akiwa hai, ombeni sharti libadilishwe ili ardhi ihamie kwa taasisi nyingine ya uhifadhi badala ya kurudi kwa warithi. Akishafariki, mtahitaji saini ya kila mrithi.